Mji Uitwao Uji

Mwalimu Chizuru alipofika Masoko, mwaka ule mvua iliposahau kukatika,
mama alimuuliza kama aulizwavyo kila mgeni:
Kwenu ni wapi, mwanangu?
Akajibu kwa Kiswahili cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi:
Mimi ninatoka katika mji wa Uji.

Mama alicheka hadi mwiko ukamtoka mkononi.
Uji? Wa ulezi au wa mahindi?
Na ng'ambo ya mto kuna mji wa Ugali?
Mgeni, asiyejua kinachochekwa, akacheka naye,
akapewa kikombe cha bati, akanywa mji wake
wenye maziwa na chumvi kidogo.

Tangu siku hiyo Uji ukawa jirani yetu.
Jioni, vidole vimeiva weusi kwa utomvu wa chai,
mama aliuulizia kama mtu anayeulizia dada aliyeolewa mbali.
Mto upo?
Upo, una daraja refu.
Kama Kiwira?
Kama Kiwira, ila wetu haujifichi chini ya mwamba.
Makanisa?
Mahekalu. Moja lina ndege wawili juu ya paa,
linajitazama bwawani tangu babu wa babu hajazaliwa.
Na chai?

Hapo mwalimu aliweka kikombe chini.
Chai tunaifunika, alisema. Majuma matatu kabla ya kuchuma
tunaitandia kivuli kama mtoto mchanga.
Kisha majani yanasagwa kwa jiwe, taratibu, mpaka yawe vumbi,
na vumbi linakorogwa kwa maji ya moto.

Mama akanigeukia.
Yanasagwa. Yanakorogwa.
Sasa huo kama si uji ni nini?

Majani yetu yalilala juani
yakingoja lori lililoahidi Jumapili likaja Jumanne,
mawili na chipukizi, mawili na chipukizi,
na karani Gwakisa akikata kilo moja ya maji, moja ya gunia,
moja ya sababu asizozitaja.
Chai aliyoichuma kwa mkono wake mama hakuwahi kuijua ladha.
Alinunua ya pakiti, dukani kwa Mwasandube,
yenye picha ya mlima usiofanana na Rungwe.

Mwalimu aliondoka, akaacha kamusi na mwavuli.
Miaka kumi na mitatu.

Juzi posta ya Tukuyu wameniita:
kopo dogo kama ngumi ya mtoto,
stempu nyingi kuliko uzito wake.
Ndani, vumbi la kijani, laini
kama ukungu uliokaushwa na kupepetwa.

Mama siku hizi hali. Koo limefunga njia
kwa kila kitu isipokuwa uji, mwepesi, kijiko kwa kijiko,
alfajiri, kabla kengele ya misheni haijalia.

Nilichemsha maji. Kile kifagio cha mwanzi
alichonichorea kwenye barua sikuwa nacho;
nikachukua mpekecho wa maziwa, nikapekecha mpaka povu,
nikamwinua kichwa.

Akaonja. Uso wote ukamkunjika,
matuta yote ya shamba yakakusanyika puani.
Chungu, alisema. Waambie huko Uji waongeze sukari.
Kisha akafungua tena mdomo.

Kijiko cha tatu alifumba macho.
Mto upo?
Upo, mama.
Daraja?
Refu.
Nje mvua ilikuwa inaanza, inayanyeshea majani ya jana
ambayo lori halijayafuata.
Na karani?
Nilifikiri kidogo.
Huko, mama, hakuna karani.

Akatikisa kichwa polepole.
Ndaga, akasema,
wala hakuniambia mimi; alimwambia mtu nyuma yangu,
pale mlangoni,
ulipoegemea mwavuli wa mwalimu.